Kijiji cha Waliosahau: Safari Yangu ya Weesp

Kuna safari za kupiga picha na kununua zawadi, na kuna safari za kutafuta majibu. Hii yangu ilianza kama ile ya kwanza ikaishia kuwa ya pili. Nilikuwa nimealikwa Amsterdam kwenye harusi ya binamu yangu. Harusi ilipokwisha, wenzangu walipanda boti za watalii kwenye ile mifereji maarufu. Mimi nikakata tiketi ya treni kwenda Weesp, mji mdogo ulio kama robo saa tu kutoka stesheni kuu. Nilikwenda kutazama wanakoishi wazee waliopotewa na kumbukumbu.

Nilikuwa na sababu. Mama yangu ni mmoja wao, ila yeye yuko Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ileile aliyotulelea.

Ilianza taratibu. Swali moja mara tano kwa saa moja. Chumvi kwenye chai. Tulicheka, na yeye akacheka. Halafu siku moja akapotea mtaa wa pili, mtaa anaoujua kama kiganja cha mkono wake. Majirani wakasema karogwa. Wengine wakasema ni utu uzima tu, atazoea. Daktari ndiye aliyetuambia kwamba ni dimensia, yaani maradhi ya ubongo, wala si uchawi wala si uzee wa kawaida. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wake ni zaidi ya milioni 55 duniani, na wengi wanaishi kwenye nchi zisizo tajiri, kama yetu.

Kusahau kwenyewe tungeweza kukuvumilia. Kilichotushinda ni jioni. Jua likianza kushuka, Mama anajifunga kanga, anachukua kifurushi chake, anasimama mlangoni. "Nakwenda kwetu." Mama, kwenu ndiyo hapa. "Siyo hapa, mnanifungia." Ukimshika mkono anapiga, na ana nguvu kweli.

Anayepigwa ni wifi yangu, mke wa kaka, maana ndiye anayeishi naye. Mimi niko Dar es Salaam, natuma hela na kuuliza hali kwa simu. Kaka akaenda kwenye hospitali moja, akarudi na vidonge, vya lile kundi linalotumika kutuliza wagonjwa wa akili. Kweli Mama alitulia. Akawa analala mpaka adhuhuri, anaamka anayumba. Siku ya tisa akaanguka msalani akapasuka paji la uso. Usiku ule wifi akanipigia. Hakusalimia. "Wifi, mimi nimechoka. Njooni mumchukue mama yenu."

Sikuwa na jibu. Na hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo kali: dawa za kundi hilo zinaongeza hatari ya kufa kwa wazee wenye dimensia. Simaanishi kwamba hazifai kabisa. Kuna wakati daktari hana njia nyingine, mgonjwa akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wenzake. Lakini siyo pipi.

Mlango ni mmoja tu

Mwenyeji wangu alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Pangani, ambaye kwa miaka mingi sasa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Uholanzi. Ndiye aliyenipatia nafasi kwenye msafara wa wahudumu waliokuwa wanakwenda kujifunza. "Mdogo wangu," aliniambia kwenye treni, "usije ukashangaa majengo ukasahau ulichokuja kutafuta."

Weesp ni mji wa matofali mekundu, mto Vecht unapita katikati, na vinu vya upepo vimesimama pembeni kama kwenye kalenda. Kiwanda cha kakao cha Van Houten kilihamia hapa mwaka 1850 na kikaendelea zaidi ya miaka mia moja. "Fikiria mzee aliyezaliwa hapa," dada akasema. "Utoto wake wote ulinukia kakao."

Tulikuwa tunakwenda De Hogeweyk, kijiji kilichofunguliwa mwaka 2009. Kwa nje utadhani ni nyumba za kawaida za ghorofa chache. Mlango wa kuingilia ni mmoja, una mapokezi. Ukishapita, unajikuta mtaani: barabara za waenda kwa miguu, uwanja wenye chemchemi, miti, duka la vyakula, saluni, mgahawa, ukumbi wa maonyesho. Wazee wanatembea, wengine wawiliwawili, wengine peke yao. Hakuna aliyewafuata nyuma akiwaambia rudi.

Nikauliza, hawapotei? Kumbe ujanja uko kwenye ramani. Nyumba zenyewe zimepangwa zikawa ndiyo ukuta, mbele zinatazama ndani. Mzee anaweza kutembea kutwa nzima, njia zote zinamrudisha kijijini. Na wote wanaoishi pale wana dimensia iliyokwishakomaa.

Wahudumu hawavai makoti meupe. Yule unayemwona anapanga mkate kwenye duka, au amekaa naye kwenye benchi, huenda ni muuguzi. Walipoanza zilikuwa nyumba 23 na wakazi kama 150, kila nyumba ikiwa na watu sita au saba. Ujenzi uligharimu takriban euro milioni 19, sehemu kubwa ikiwa ni fedha za serikali. Najua unachofikiria, msomaji. Na mimi nilifikiria hivyohivyo. Milioni 19 za euro sisi tutazitoa wapi?

Lakini dada akanikumbusha hadithi ya mwanzo wake. Zamani mahali hapa palikuwa na nyumba ya wazee ya kawaida, vyumba na korido kama hospitali. Mmoja wa waanzilishi wa mabadiliko, Yvonne van Amerongen, alikuwa mfanyakazi pale. Amesimulia hadharani kwamba baba yake alipofariki ghafla, kitu cha kwanza kilichomjia akilini ni kushukuru kwamba mzee hatawahi kulazwa kwenye nyumba kama ile. Ile ile aliyokuwa anafanyia kazi! Miaka ya mwanzo ya 1990 yeye na wenzake wakaanza kujiuliza: sisi wenyewe tungependa kuzeeka vipi? Swali lilitangulia. Euro zilikuja baadaye sana.

Saa ya puani

Kilichonigusa zaidi pale hakikuwa jengo. Ilikuwa harufu ya vitunguu.

Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Kutoka dirisha la jiko la nyumba moja ilikuja harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi. Mle ndani mabibi wawili walikuwa wanamenya viazi, polepole sana, kiazi kimoja dakika nzima. Mhudumu alikuwa pembeni anakatakata karoti, hakuwanyang'anya kisu wala kuwaharakisha. Chakula hakiletwi kwenye sinia kutoka jiko kuu, kinapikwa mlemle nyumbani.

"Unaona?" dada akasema. "Huyu bibi hawezi kusoma saa ya ukutani. Lakini akisikia vitunguu, tumbo linamwambia wakati wa kula umefika. Hiyo ndiyo saa yake. Ukimletea sahani ghafla kutoka kusikojulikana, anakusukuma. Halafu unaandika kwenye faili eti mgonjwa mkorofi."

Akanieleza jambo ambalo limebaki kichwani mwangu mpaka leo. Kijiji kilipofunguliwa, nyumba ziligawanywa kwa mitindo saba ya maisha. Kuna waliozoea maisha ya mjini, kuna mafundi na watu wa kazi za mikono, kuna watu wa kanisa, kuna wa tabaka la juu waliozoea meza iliyoandaliwa rasmi. Na kulikuwa na nyumba za watu wenye asili ya ile iliyokuwa koloni la Uholanzi huko Mashariki, ambayo sasa ni Indonesia. Kwa hao, mapambo na mapishi yalikuwa ya kwao: wali, viungo, pilipili. Baadaye mitindo ikapunguzwa idadi, lakini wazo ni lilelile. Mzee awekwe kwenye harufu, sauti na ladha alizokulia.

Nikasimama pale nikamfikiria mtu aliyeondoka Java akiwa kijana, akaishi miaka hamsini kwenye baridi ya Ulaya, akasahau hata majina ya watoto wake. Kisha mtu anafungua sufuria, na harufu ya wali na viungo inampokea kama mwenyeji.

Mama anasema anataka kwao. Kwao ni Kigombe, pwani ya kusini mwa Tanga, alikoondoka akiwa mwari. Sikuwahi kujiuliza kwao kunanukia nini.

Chumba cha kunusa na kusinzia

Jioni ile dada alinionyesha picha za kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee nyingine kabisa. Wana chumba kinachoitwa snoezelen. Neno hilo wamelitengeneza Waholanzi kwa kuunganisha mawili, moja la kunusanusa na jingine la kusinzia. Lilianzishwa miaka ya 1970 na Jan Hulsegge na Ad Verheul, waliokuwa wanawahudumia watu wenye ulemavu wa akili, na baadaye likaingia kwenye nyumba za wazee. Ndani kuna mwanga laini, mrija mrefu wa maji yenye mapovu yanayobadilika rangi, muziki wa chini, vitambaa vya kushika, mafuta ya kunukia. Hakuna mtihani wala maswali. Mzee anakaa, anaona, anagusa, ananusa.

Nikasema, basi tujenge chumba hicho. Dada akacheka.

"Mwaka wangu wa kwanza nilimwingiza mzee mmoja mle, akalia kama mtoto. Yale mapovu yalimtisha. Tukakaa na binti yake, akatuambia baba alikuwa baharia. Nikatafuta kipande cha kamba nene yenye harufu ya lami. Akaishika, akaanza kufunga mafundo. Alifunga na kufungua mpaka wakati wa kula. Kuanzia siku hiyo nikienda kumwogesha, kamba mkononi kwanza."

Si maneno ya dada peke yake. Utafiti wa Waholanzi uliochapishwa mwaka 2005 uliangalia wodi 12 za nyumba za wazee. Wauguzi wa upande mmoja walifundishwa kuutumia mtindo huo saa zote 24, wakati wa kuogesha, kuvisha na kulisha, wala si kwenye chumba maalumu tu. Kwanza walikusanya historia ya kila mzee na kujaribu ni sauti gani, harufu gani, mguso gani anaupenda. Wazee wao walipungukiwa na ukali, ubishi, huzuni na ule ububu wa kukaa tu bila kujali kitu. Utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2008, uliongeza mwanga mkali wa taa mchana kwenye kumbi za nyumba za wazee. Faida ilikuwa ndogo lakini ilionekana, kwenye akili na kwenye huzuni.

Tusidanganyane lakini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoponya dimensia. Hata muziki, ambao kila mtu anausifia, uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba unapunguza huzuni, ila kwenye fujo na ukali msaada wake ni mdogo. Ukiwasha redio ukaenda zako, usitegemee miujiza.

Je, si kuwadanganya?

Wapo wanaosema Hogeweyk ni mchezo wa kuigiza, duka la uongo na mtaa wa uongo. Huko Düsseldorf, Ujerumani, nyumba moja ya wazee iliwahi kuweka kituo cha basi ambacho basi halifiki. Mzee anayetaka kwenda kwao anakaa kwenye benchi, mhudumu anakaa naye, wanaongea, mpaka hamu inapita.

Nilipolisikia hilo la kituo nilikasirika. Halafu nikakumbuka sisi tunavyofanya. Tunafunga mlango kwa kufuli na kumwambia Mama "kwenu ndiyo hapa" mara ishirini, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Tunasema ukweli, ndiyo. Lakini nani kati yetu na yule wa kwenye benchi anamheshimu mzee? Mimi nilichojifunza pale ni kukaa naye kwanza. Mengine yatajibiwa baadaye.

Lavenda imegoma Ngamiani

Nilirudi Tanga na chupa ya mafuta ya lavenda, ya bei mbaya. Nikampaka Mama mikononi, namkanda polepole kama nilivyoonyeshwa. Akanusa, akakunja uso. "Hii nini, dawa ya mbu?" Akajifuta kwa kanga.

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka tangu ile simu ya usiku. Nikamwambia, haya, wewe niambie. Mama anapenda nini?

Msomaji, wifi alizungumza saa nzima. Alijua kila kitu. Alijua Mama hatulii mpaka asikie vikombe vya muuza kahawa vikigongana barabarani. Alijua hapendi udi ule wa dukani ninaomletea kutoka Dar, anataka asumini mbichi kwenye kanga. Alijua anachukia taa ya jikoni kwa sababu inamtupia kivuli ukutani, na yeye anadhani kuna mtu. Alijua kwamba siku anayookota kipande cha mkeka uliochanika huwa anakishika muda mrefu, vidole vinacheza.

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza, wifi? Mnapiga simu mnauliza, amekula? Amelala? Basi."

Nilikwenda Ulaya kutafuta mtaalamu, kumbe mtaalamu nilikuwa namtumia hela ya sabuni.

Siku hizi ratiba iko hivi. Saa kumi jioni, kabla jua halijaanza kushuka, taa zote zinawashwa, na ile ya jikoni imehamishwa. Muuza kahawa analipwa kidogo ili asimame mbele ya baraza letu na kugonga vikombe vyake. Mama anapata kahawa ya tangawizi na kashata. Taarabu ya zamani ya Black Star inapigwa kwa sauti ya chini, yaani ile ya ujana wake. Na mapajani anawekewa miyaa, anasuka ukili. Vidonge tulirudi kwa daktari, akavipunguza hatua kwa hatua mpaka vikaisha.

Kuna jioni hayo yote hayafui dafu. Anasimama, anajifunga kanga, kwetu. Basi wifi anavaa ndala, wanatoka pamoja, wanafika kona, wanasalimiana na watu, wanarudi. Na kila mwezi mimi nakuja wiki moja nzima ili wifi naye aende kwao akamwone mama yake. Hilo nalo ni tiba, japo halina harufu.

Ukitaka kuanza nyumbani

* Muulize anayeshinda na mgonjwa kabla hujamuuliza mtu mwingine. Anajua asichojua daktari.
* Andikeni daftari: alikulia wapi, alifanya kazi gani, nyimbo za ujana wake, chakula alichopikiwa na mama yake, harufu anazozipenda na anazozichukia.
* Akiwa mkali ghafla, tafuta kwanza: ana maumivu? Njaa? Haja? Joto? Kelele? Giza?
* Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, na umtazame usoni. Akikunja uso, acha.
* Mpe mikono kazi aliyoizoea, hata kama kazi haitakamilika.
* Dawa usiikatize mwenyewe. Rudi kwa daktari mzungumze.
* Kama wazazi wako bado wana akili zao timamu, waulize leo. Kesho huenda jibu halipo.

Na tusiseme haya ni mambo ya Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee wenye dimensia waliwahi kukusanywa kwenye vikundi vya mazungumzo na mazoezi ya akili bila vidonge, na watafiti walioandika matokeo mwaka 2017 waliona nafuu kwenye akili na maisha yao.

Ukili uliolegea

Wiki iliyopita nilikaa naye barazani nikaomba anifundishe kusuka. Mimi mtoto wa Tanga sijui kusuka ukili, aibu yangu. Vidole vyake vilikwenda mbio, vyangu vikajikwaa. Hajui tena jina langu. Siku nyingine mimi ni jirani, siku nyingine ni yule mgeni wa kutoka Dar.

Akauvuta ukili wangu, akaukagua, akatingisha kichwa. "Umelegea huu. Mama yako hakukufundisha?"

"Hakuwahi," nikasema.

"Lete hapa." Akaufumua wote, akaanza upya, polepole safari hii, ili nione. Muadhini akaadhini magharibi. Mama hakusimama.